Je, Wajua? Swichi Isiyongoja Kidole

Je, wajua kwamba ile shawa ya umeme inayofungwa mabafuni kuanzia Arusha hadi Kampala haiwashwi na swichi ya ukutani? Ya ukutani kazi yake ni kuruhusu umeme ufike tu. Anayewasha ni maji. Ukifungua koki, maji huingia kwenye chumba kidogo ndani ya shawa na kuinua kiwambo cha mpira. Kiwambo kinasukuma pointi zigusane, na waya wa joto unapata umeme. Ukifunga koki, kiwambo kinashuka na umeme unakatika. Tega sikio: utasikia “ta!” ndogo kabla maji hayajapata moto. Hiyo ndiyo swichi ya presha, na pengine ndiyo ya kwanza uliyowahi kuishi nayo bila kutambulishwa.

Sasa unajua pia kwa nini jirani wa ghorofa ya juu kabisa analalamika kwamba shawa yake ni nzima ila haichemshi. Shawa nyingi za aina hii huhitaji walau mita 1 ya kimo cha maji kutoka kwenye tangi. Kama simtanki limekaa karibu usawa mmoja na shawa, kiwambo hakipati nguvu ya kuinuka. Fundi anabadilisha waya wa joto, anabadilisha tena, analipwa mara mbili, na tatizo bado liko juu ya paa.

Na ule ujanja wa kupunguza maji ili yawe ya moto zaidi? Ni hesabu tupu. Shawa ya wati 5,500 ikipitisha lita 3 kwa dakika hupandisha joto la maji kwa nyuzi kama 26. Ikipitisha lita 4.5, ni kama 17 na nusu. Umeme ni uleule, maji ndiyo yamepungua. Ila ukizidi kubana koki, kiwambo kinaanguka, “ta!”, na unamwagikiwa na maji ya baridi ukiwa na povu machoni.

Wajua tofauti ya geji na swichi ya presha? Geji inaonyesha, swichi inatenda. Mfaransa Eugène Bourdon alipata hataza ya geji yake ya bomba lililopinda mwaka 1849, na hadi leo saa nyingi za presha zinafuata ubunifu huo. Lakini geji inahitaji mtu wa kuisoma. Swichi haina mshale wala namba, haijui kama presha ni 3 au 3.1. Inajua jambo moja: mpaka umevukwa au haujavukwa.

Ndani yake kuna pande mbili zinazoshindana. Upande mmoja presha ya maji, hewa, mafuta au mvuke inasukuma. Upande wa pili springi inakataa. Fundi akikaza nati juu ya springi, anaongeza ukaidi wake, na presha inatakiwa iwe kubwa zaidi ili ishinde. Kinachopokea msukumo hutegemea kazi. Presha ndogo hupewa kiwambo kipana, kwa sababu eneo kubwa hukusanya nguvu. Presha kubwa ya mashine za haidroliki, zile za mamia ya bar, hupewa pistoni nyembamba ya chuma. Katikati ya hapo kuna mivukuto ya chuma yenye makunyanzi, na lile bomba la Bourdon pia hutumika.

Je, wajua kwa nini inalia “ta” badala ya kufunguka polepole? Pointi za umeme zikiachana taratibu, cheche inaruka katikati na kuzila. Kwa hiyo ndani kuna kipande cha chuma chembamba kilichokunjwa kwa mvutano, ambacho hustahimili, hustahimili, kisha huruka upande wa pili kwa mpigo mmoja. Swichi ndogo ya namna hiyo ilibuniwa mwaka 1932 mjini Freeport, Illinois, Marekani, na McGall, mwajiriwa wa kampuni ya betri. Leo ukoo wake umejaa kwenye vipanya vya kompyuta, milango ya maikrowevu na mashine za michezo. Kila unapobofya kipanya, unamsikia.

Jambo ambalo wengi hawalijui, na ndilo linaloua pampu nyingi majumbani: swichi ya presha haina namba moja, ina mbili. Ile ya pampu ya nyumbani mara nyingi hutoka kiwandani ikiwa imepangwa kuwasha presha ikishuka hadi bar 1.4 na kuzima ikifika 2.8. Pengo lililopo katikati si uzembe wa mtengenezaji. Bila pengo, ungefungua bomba kidogo tu, pampu ingewaka, presha ingepanda papo hapo, ingezima, ingeshuka, ingewaka tena, na mota ingeungua kabla ya ndoo kujaa.

Ukifungua kifuniko (zima umeme kwanza kwenye meni, si kwa kubahatisha, maana pointi zilizo wazi pale ndani zina umeme mzima) utaona springi mbili na nati mbili. Nati kubwa husogeza namba zote mbili kwa pamoja, juu au chini. Nati ndogo hubadili pengo. Watu hukaza ndogo wakitaka maji yawe na nguvu, kisha wanashangaa pampu haizimi tena: wameisogeza namba ya kuzima hadi kimo ambacho pampu yenyewe haina uwezo wa kukifikia. Itazunguka mpaka asubuhi.

Umewahi kusikia pampu inayowaka na kuzima kila sekunde, ka-ka-ka-ka? Mara nyingi mshitakiwa ni swichi, mkosaji ni tangi la presha. Lile pipa dogo jekundu au la buluu lina mfuko wa mpira ndani, na hewa iliyobanwa kuuzunguka. Hewa hiyo inatakiwa iwe chini kidogo ya namba ya kuwasha. Kama pampu inawaka kwenye bar 1.4, hewa iwe kama 1.2, ipimwe maji yakiwa yametolewa yote. Kwa mpangilio huo tangi la lita 24 hutoa kama lita 8 tu kati ya kuzima na kuwasha tena. Hewa ikivuja, hata hizo 8 hazipo. Kipimo chake ni cha bure: mwisho wa tangi kuna vali kama ya tairi la gari. Bonyeza ncha yake. Ikitoka hewa, vizuri. Yakitoka maji, mfuko umepasuka, nunua mwingine na uache swichi kwa amani.

Wajua kwamba sisimizi wanaweza kuiacha nyumba nzima bila maji? Hupenda kuingia kwenye kisanduku cha swichi, penye joto na pakavu. Pampu inapotaka kuwaka, pointi zinafunga na kuwasaga katikati, na mizoga yao inazuia umeme. Fundi mzoefu wa visima hufungua kifuniko na kuchungulia kabla hajagusa kifaa chochote. Mjusi naye hufanya hivyo, ila yeye hukaangwa kwa kishindo zaidi.

Twende gereji. Ile “psss” inayosikika kompresa ya kujaza upepo inapozima, si kuvuja. Swichi ya presha ya kompresa hufanya kazi mbili kwa mkupuo: inakata mota, na palepale inafungua kivali kidogo kinachotoa hewa iliyobanwa juu ya pistoni. Bila hivyo mota ingelazimika kuanza tena ikisukumana na mzigo mzima, na ingenguruma bila kuzunguka. Sekunde moja au mbili za “psss” ni afya. Ikiendelea dakika nzima huku mashine imezima, usiilaumu swichi: vali ya kuzuia hewa isirudi kutoka kwenye tangi imechoka, na tangi linajimwaga kupitia tundu hilohilo.

Kwenye gari lako, taa nyekundu ya kibuyu cha oili huendeshwa na swichi ya presha ya bei ndogo, yenye waya mmoja tu, iliyosokotwa kwenye ubavu wa injini. Kwa kawaida huachia pale presha inapopita bar 0.3 hadi 0.5. Kwa hiyo ukiwasha ufunguo kabla ya injini, taa lazima iwake. Isipowaka, hilo ndilo la kutia wasiwasi, kwa maana balbu au waya umekufa na hutapata onyo lolote. Na taa hiyo haipimi wingi wa oili. Inapima presha. Ikiwaka barabarani, oili tayari haifiki kwenye beringi, na wale wanaosema “tufike kwanza Chalinze” huwa wananunua injini.

Lori la breki za upepo lina swichi kali zaidi. Hewa ikipungua hadi kama bar 4, kengele inalia na taa inawaka, wakati dereva bado ana hewa ya kusimama. Ikiendelea kushuka, springi nzito zilizokuwa zimebanwa na hewa hiyo zinaachiliwa na kukamata magurudumu zenyewe. Dereva anayekanyaga na kuachia, kanyaga na kuachia, akiteremka mlima Kitonga, anaimaliza hewa upesi kuliko kompresa inavyoizalisha. Baadhi yao wameichomoa kengele kwa sababu inawapigia kelele.

Je, wajua kwamba swichi ya presha ilisababisha mojawapo ya oparesheni kubwa kabisa za kurudisha magari viwandani? Ford ya Marekani ilifunga kwenye silinda kuu ya breki swichi ya kuzima mfumo wa kushikilia mwendo pale dereva anapokanyaga breki. Ndani yake kulikuwa na utando mwembamba uliotenganisha mafuta ya breki na umeme. Utando ulipopasuka, mafuta yaliingia upande wa pointi, kutu ikaanza, joto likapanda, moto ukawaka. Na kwa kuwa katika magari mengi swichi hiyo ilipata umeme wa betri hata ufunguo ukiwa mfukoni, magari yaliungua yakiwa yameegeshwa, mengine ndani ya gereji za nyumba usiku. Kati ya 1999 na 2009 takriban magari milioni 14 yaliitwa yarudishwe. Nadhani kosa la utando linasameheka kuliko la kuacha umeme pale saa 24.

Angani nako ipo. Ndege za abiria hubanwa hewa ndani, na hewa hiyo ikipungua hadi kiwango cha kimo cha futi 10,000, yaani kama mita 3,000, swichi inapiga honi kwa marubani. Tarehe 14 Agosti 2005, Boeing 737 ya Helios iliyotoka Larnaca, Cyprus, ikielekea Athens na Prague, ilipaa huku kitufe cha kubana hewa kikiwa kimeachwa kwenye hali ya mkono baada ya matengenezo. Swichi ilifanya kazi yake na honi ikalia. Lakini honi ileile ilitumika pia chini ardhini kuonya kwamba ndege haijapangwa sawasawa kwa kuruka, na marubani wakaitafsiri hivyo. Walizimia kwa kukosa oksijeni, na ndege ikaendelea yenyewe hadi mafuta yalipoisha karibu na Athens. Wote 121 walifariki.

Mwaka 2021 mamlaka ya anga ya Marekani iliagiza swichi hizo zipimwe mara kwa mara kwenye 737 zote, baada ya shirika moja kukuta kwamba kwenye ndege tatu swichi zote mbili, ya kazi na ya akiba, zilishindwa jaribio. Akiba inayozeeka sambamba na ya kazi si akiba sana.

Kwa haraka haraka:

Mashine ya kufulia haina jicho la kuona maji. Kuna mrija mwembamba wa hewa unaopanda kutoka chini ya pipa. Maji yakipanda yanabana hewa ile, na swichi inahisi sentimita chache tu za maji.

Jiko la presha la umeme, lile linaloivisha maharage upesi, katika aina nyingi huwa na sahani ya chini inayobonyea kidogo presha inapopanda na kugusa swichi. Kwenye kilopaskali 70 juu ya hewa ya kawaida, maji ndani yake huchemka karibu nyuzi 115.

Barabarani ukikuta mpira mweusi umetandazwa kutoka upande hadi upande, kuna mtu anahesabu magari. Tairi likiukanyaga, pumzi ya hewa inakimbia hadi kwenye kisanduku na kugonga swichi.

Mtu aliyepooza mikono na miguu anaweza kuendesha kiti chake cha magurudumu kwa mrija mdomoni: anapuliza, anavuta, na swichi za presha zinageuza pumzi kuwa amri za kwenda na kusimama.

Yale mapipa meupe yaliyofungwa pembeni mwa meli za abiria yana mashua za mpira. Meli ikizama, presha ya maji hukifyatua kisu chenye springi kati ya mita 1.5 na 4 chini ya uso wa bahari, kinakata kamba, na pipa linaelea. Hakuna umeme hapo hata chembe.

Vinyunyizio vya moto kwenye dari za maghorofa havina anayebonyeza. Kichupa chekundu cha kioo hupasuka kwenye nyuzi 68, maji yanatoka, presha ya bomba inashuka, swichi inawasha pampu kubwa. Pembeni kuna pampu ndogo inayofidia uvujaji wa kila siku ili kubwa isiamshwe kwa upuuzi.

Hospitalini, oksijeni husafiri ukutani kwa presha ya kama bar 4. Ikishuka au kupanda kupita kiasi, swichi inapiga kengele kwenye kituo cha wauguzi kabla mgonjwa hajaonyesha dalili. Ukitembelea wodi, itazame paneli hiyo. Ikiwa imezibwa kwa plasta ili isipige kelele, waulize.

Viwanda vina masharti mengine. Mvuke wa bar 10 una joto la karibu nyuzi 184, na ukiachwa ugonge kiwambo moja kwa moja utakiharibu mapema. Kwa hiyo kati ya boila na swichi huwekwa bomba lililozungushwa duara moja kamili. Mvuke unapoa humo, unageuka maji, na maji hayo yanakaa kama pazia: presha inapita, joto linabaki nyuma.

Kwenye bomba la mafuta la TAZAMA, lenye kilomita 1,710 kutoka Dar es Salaam hadi Ndola, lililoanza kazi mwaka 1968, mafuta hayasafiri bila vituo vya pampu njiani. Pampu za namna hiyo hulindwa pande zote mbili. Upande wa kuvuta, presha ikishuka mno, mapovu ya mvuke huunda na kupasuka yakitafuna chuma, kwa hiyo mashine inasimamishwa. Upande wa kusukuma, ikipanda mno, bomba lenyewe liko hatarini, na inasimamishwa vilevile.

Na hapa pana jambo lililonishangaza nilipolijua. Swichi ya kutumika penye mvuke wa petroli, kama kwenye maghala ya Kurasini au Kipevu, ina kasha zito la chuma, na wengi hudhani kasha hilo linazuia gesi isiingie. Hapana. Gesi inaingia. Inaweza hata kulipuka humo ndani kwa cheche ya pointi. Kasha limejengwa lihimili mlipuko huo, na moto unapojaribu kutoka kupitia nyufa nyembamba za nyuzi za skrubu, unapoa kwenye chuma na kufika nje ukiwa hauna uwezo wa kuwasha chochote. Ndiyo maana kuacha boliti moja bila kukaza kunaharibu kila kitu.

Pale ambapo kusimama kwa mashine ni hasara kubwa na kutosimama ni maafa, huwekwa swichi tatu, na mashine huzimwa mbili zikikubaliana. Moja ikiharibika na kupiga kelele peke yake, haisikilizwi. Moja ikifa kimya, mbili zinatosha. Vilevile swichi za ulinzi huunganishwa mfululizo zikiwa zimefunga, umeme ukipita zote. Waya ukikatwa na panya, mashine inasimama. Ni usumbufu, lakini panya hawezi kuiondoa kinga bila watu kujua.

Fundi anaweza. Dhambi kuu ya mtaani inaitwa kuweka dairekti: swichi inakata, mteja ana haraka, kipande cha waya kinaruka kutoka tundu moja hadi la pili, mashine inaendelea. Kwenye chumba cha baridi cha samaki ni hivyohivyo: swichi ya presha ya juu ina kitufe cha kubonyeza kwa mkono kila inapokata, na mtengenezaji alikiweka makusudi ili mtu aje kuangalia sababu. Mara nyingi sababu ni feni iliyokufa au kondensa lililojaa vumbi. Atakayebonyeza mara tano bila kushika brashi anakaribia kulipia kompresa.

Pointi nazo zina kikomo chao cha umeme. Chombo cha Apollo 13, Aprili 1970, kilikuwa na swichi za joto, binamu wa hizi, ndani ya tangi la oksijeni. Zilitengenezwa kwa volti 28; wakati wa maandalizi ardhini zilipewa volti 65. Zilipojaribu kukata, pointi ziliunguana zikagandamana, hita ikaendelea kuwaka, na ngozi za nyaya ndani ya tangi zikaungua. Tangi lililipuka safarini.

Kwa hiyo ukienda Kariakoo au River Road kununua swichi ya pampu, usiseme tu “nipe ya presha”. Taja presha ya kuwasha na kuzima, volti, ampia za mota yako, na saizi ya nyuzi za bomba, ambayo kwa nyingi ni robo inchi. Mota ikiwa kubwa kuliko uwezo wa pointi, omba na kontakta: swichi iiamrishe kontakta, na kontakta ibebe mzigo. Soma kipimo kwenye lebo kabla ya kulipa. Bar 1 ni psi 14.5, au kimo cha maji cha mita 10 na kidogo. Ukikuta imeandikwa MPa, zidisha kwa 10 upate bar.